Mgeni wa Siku ya Nane

Alhamisi asubuhi Takyiwaa alikuwa amechutama mlangoni mwa banda lake la kuku, akipanga mayai kwenye trei, makubwa mbele na madogo nyuma ili yasionekane, pale mgeni alipotoka chini ya chombo cha maji ya kuku na kupiga hodi.

"Karibu," Takyiwaa alisema bila kuinua kichwa, maana alikuwa akihesabu. Trei zake zilifika kumi na moja zikaishia hapo. Upande wa pili wa ukuta wa mbao, kwa mke mwenzake Nyarkoa, trei zilikuwa bado zinapangwa. Alizisikia zikigongana moja moja. Zikapita kumi na moja. Zikapita kumi na nne. Alipochoka kusikiliza ndipo akamtazama mgeni.

Kimo chake kilikuwa cha ndoo. Ngozi yake ilikuwa nyeupe na nyembamba kama ule utando wa ndani ya ganda la yai, na alikuwa na mkia aliouviringisha akaubana kwapani, kama mtu anavyobana mwavuli akiingia nyumba ya watu. Alikuwa amekonda na magoti yalimtetemeka. Huko Dormaa, mji wa wafuga kuku, mgeni haulizwi neno kabla hajanywa maji, kwa hiyo Takyiwaa alimkingia maji kwenye kopo. Mgeni akanywa, akarudisha kopo kwa mkono wa kulia.

"Hapa kwetu kwema," Takyiwaa alisema, kama mgeni anavyoulizwa habari. "Wewe ndiye mwenye safari."

"Kwetu si kwema, mama. Tulikuwa wengi katika matumbo ya kuku wako. Jumatatu ukatia dawa kwenye maji. Juzi ukatia. Jana ukatia. Wenzangu wameisha wote, nimebaki mimi. Leo nimeonja, nikakuta maji matupu. Nikasema nitoke nishukuru."

Ilikuwa kweli. Kuku walikuwa wakiharisha cheupe, akawapa dawa, siku ya tatu wakasimama na kuanza kuparura. Maandishi ya pakiti yalitaka siku saba. Takyiwaa aliikunja pakiti yenye dawa iliyobaki akaificha sandukuni, chini ya vitambaa vyake. Hakufanya hivyo kwa ubahili, alifanya kwa sababu ya Nyarkoa.

Nyarkoa alikuwa mke mdogo. Aliolewa miaka sita iliyopita akaja na vifaranga hamsini ndani ya maboksi, na sasa alikuwa na kuku mia tisa. Mume wao, Gyabaa, alikuwa na zamu za wiki kwa wiki kama sheria inavyotaka, lakini mabati mapya aliyapandisha kwenye paa la banda la Nyarkoa, na mvua iliponyesha Takyiwaa alilala akisikiliza jinsi mabati hayo yanavyolia kwa heshima kuliko ya kwake. Kuku wa Nyarkoa hawakuharisha. Walikuwa wanapewa dawa kila siku ya Mungu, wazima kwa wagonjwa, kijiko kamili asubuhi. Takyiwaa alikuwa amepanga afanye vivyo hivyo, ila mfuko wake ulikuwa na nusu ya nguvu, basi angewapa nusu kijiko.

Habari za kijiko cha Nyarkoa alizipata kwa Ansu. Huyu Ansu alipita kila Jumatatu na pikapu nyeupe yenye kipaza sauti, akiuza dawa za mifugo, na mlangoni mwa kila nyumba aliacha kalenda yenye picha ya jogoo. Watu walidhani anauza dawa. Ansu alikuwa anauza jirani. Akisimama kwa Takyiwaa alisema Nyarkoa amechukua nini; akisimama kwa Nyarkoa alisema Takyiwaa amechukua nini; na kabla pikapu haijafika mwisho wa barabara kila nyumba ilikuwa imenunua kile ambacho nyumba ya pili ilisemekana kuwa nacho.

Hapo zamani, na wenye kumbukumbu wanaitaja zamani hiyo kwa mwaka na kwa mwezi, alikuwepo bwana mifugo aliyezunguka na baiskeli. Huyo alisema, dawa ukiianza imalize, na kuku mzima usimpe dawa. Hakuuza kitu. Kisha wakubwa wakasema fungu la fedha limekwisha. Baiskeli ikarudishwa, ofisi ikakodishwa, na leo ndani ya ofisi ile ile yanauzwa mapaja ya kuku yaliyogandishwa, yametoka ng'ambo kwa meli, na bei yake ni ndogo kuliko chakula cha kuku alichokula huyo kuku alipokuwa hai. Ndiyo maana mfugaji wa Dormaa hawezi kumudu kufiwa hata na kuku mmoja, na ndiyo maana Ansu amenenepa.

"Na kwa mwenzangu?" Takyiwaa alimuuliza mgeni. "Ninyi mko kule pia?"

"Tuko. Kule tunapewa dawa kila asubuhi. Mwanzo walikufa wengi, waliobaki wakaizoea. Sasa wanaishi vizuri, mama. Wanavimba mashavu."

Takyiwaa aliweka yai chini. Hata ugonjwa wa Nyarkoa ulikuwa unakula vizuri kuliko ugonjwa wa kwake.

Akaingia ndani, akafungua sanduku, akarudi na pakiti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa dawa siku ile ile ya kwanza, nusu kijiko katika kopo la maji. Alikunywa, akakunja uso, akatapika pembeni kwa adabu, akafunika matapishi yake kwa maranda. Akanyoosha kopo tena.

Kesho yake alikuwa na ushanga mmoja kiunoni, mweupe, rangi ya dawa ile.

Nusu kijiko kwa nusu kijiko, pakiti ikaisha Jumamosi. Takyiwaa akaenda duka la dawa za binadamu akanunua vile vidonge vyenye rangi mbili, nyekundu na njano, ambavyo watu wa pale humeza kwa tumbo, kwa jino na kwa huzuni. Alivipasua, akamwaga unga wake kwenye maji ya kuku, na mgeni akanywa pamoja nao. Ushanga wa pili ukawa na rangi mbili. Mgeni alianza kunenepa. Magoti yaliacha kutetemeka.

"Bi Mkubwa," Nyarkoa aliita kutoka upande wa pili wa mbao, huku akimwaga pumba. "Nasikia una mgeni."

"Nyumba yenye heshima haikosi mgeni."

"Amina. Wangu ana shanga nne. Wako je?"

"Wangu ana adabu."

"Ee, adabu. Adabu ndiyo humbakia mtu akikosa mali."

Siku hiyo Nyarkoa alianika kwenye kamba kitambaa kipya, na kitambaa hicho kina jina, na kila mwanamke mtaani analijua: *Jicho Lako Halivunji Yai Langu*. Alikianika kikiutazama mlango wa Takyiwaa, upande wa maua nje.

Kitu kimoja tu Takyiwaa alikuwa nacho ambacho Nyarkoa hakuwa nacho, nacho kilikuwa kimeketi jikoni kikimenya viazi vikuu huku kimenyoosha miguu iliyovimba. Binti yake Kumiwaa alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama inavyotakiwa. Mumewe alikuwa jijini Kumasi akiendesha lori. Nyarkoa hakuwa na mtoto. Kila alipopita jikoni alilitazama tumbo la Kumiwaa, kisha akatazama kando, na Takyiwaa aliyaona macho yale yakienda kando na moyo wake ulikula ukashiba.

Jumatatu Ansu alifika. Mgeni alikuwa amesimama karibu na Takyiwaa, amemshika upindo wa kitambaa.

"Huyu mbona mdogo hivi?" Ansu alisema, akimtazama kama mtu anavyotazama mbuzi wa mnadani. "Shanga mbili tu? Nenda kamwone wa mwenzako. Kwanza yule ana jina."

"Ana jina?"

"Kwabena. Alimfanyia sherehe kabisa siku ya nane, na pombe kali, na watu. Hukualikwa?"

Takyiwaa alianza kufungua fundo la pesa zake.

"Shangazi, mimi sitii neno kati ya watu," Ansu alisema. "Ila mwenzako amechukua hii ya buluu, chupa mbili."

"Nipe mbili."

Siku ya nane ikaangukia Alhamisi. Mtoto akizaliwa huko Dormaa, siku saba za mwanzo yeye ni mgeni tu, na huitwa hivyo hivyo, Mgeni, kwa kuwa hakuna ajuaye kama amekuja kukaa au amepita kuchungulia. Akifika ya nane ndipo huwa mtu. Hutolewa nje alfajiri, akaonjeshwa maji kwa ncha ya kidole, kisha pombe kali, akaambiwa: ukisema maji, yawe maji, ukisema pombe, iwe pombe. Hapo hupewa jina, akawa wa nyumbani. Na mgeni hatumwi. Wa nyumbani ndiye anayetumwa. Jambo hilo Takyiwaa alikuwa amelala nalo siku tatu.

Alimkalisha mgeni kwenye kigoda mlangoni mwa banda. Aliweka vikombe viwili, cha maji na cha dawa ya buluu, ambayo mgeni alikuwa akiinywa tangu Jumatatu hata ushanga wa tatu ukatokea. Kumiwaa alikuja akasimama, mkono kiunoni.

"Mama, huyo usimpe jina."

"Mwenzangu kampa wake."

"Nyarkoa akila mavi na wewe utakula?"

"Akila yeye kwanza, ndiyo, nitataka kujua yana nini," Takyiwaa alisema, akachovya kidole katika maji, akakiweka kwenye ulimi wa mgeni. "Ukisema maji, yawe maji."

"Maji," mgeni alisema.

Akachovya katika dawa. "Ukisema dawa, iwe dawa."

Mgeni alirambaramba. Aliwaza kidogo, maana alikuwa mkweli. "Maji," alisema.

"Dawa," Takyiwaa alimrekebisha, akachovya tena.

"Maji."

Mara ya tatu pia ilikuwa maji. Kumiwaa alisema, "Umesikia?" Takyiwaa alisema watoto wote hukosea siku ya kwanza. Nyuma ya mbao Nyarkoa alicheka, pengine alicheka jambo lake jingine, lakini alicheka. Basi Takyiwaa akamnyanyua mgeni kwa mikono miwili akamwita Yaw, kwa kuwa alikuja Alhamisi, akamwambia: "Sasa wewe ni wa nyumba hii. Pita hapo penye ufa. Nenda bandani kwa mwenzangu, ukawaharishe."

"Ndiyo, mama," Yaw alisema.

Kupitia tundu la ubao Takyiwaa aliona yote. Kwabena wa Nyarkoa alikuwa ameketi juu ya gunia la chakula, mnene, ana kitambi. Alimkaribisha Yaw, akampa maji, akamuuliza safari. Kisha wakaketi goti kwa goti. Kwabena akafungua mshipi wake wa shanga akamvika Yaw, na Yaw akafungua wake akamvika Kwabena, na kilichomfanya Takyiwaa asogeze jicho karibu zaidi ni kwamba baada ya kupeana hivyo hakuna aliyepungukiwa. Kila mmoja alikuwa na zake na za mwenzake. Yaw alirudi kiunoni ana shanga saba, zimelala kimya, hazigongani.

Jumamosi kuku wa Nyarkoa walianza kufa. Walikufa sitini siku ya kwanza. Takyiwaa alifungua sanduku akatoa kitambaa chake cha siku kubwa, kile kinachoitwa *Ushanga Mzuri Haulii*, akajifunga, akatembea nacho uani mara tatu bila shughuli yoyote. Gyabaa alikuwa amesimama katikati ya mabanda mawili, ameshika kuku aliyekufa kwa miguu.

"Nyie wanawake," alisema, "mmefanya nini?"

"Mimi? Mimi nafagia," Takyiwaa alisema, na mkononi hakuwa na ufagio.

Furaha hiyo ilidumu siku moja na nusu. Jumapili adhuhuri kuku wake nao wakalala, kwa kuwa Yaw alikuwa wa nyumbani na nyumbani ndiko alikokaa. Takyiwaa alitia dawa ya buluu. Alitia ya rangi mbili. Nyarkoa alitia yake ya kila siku, vijiko viwili, vitatu. Jumatatu pikapu ilisimama muda mrefu kuliko kawaida.

"Dawa yako haifanyi kazi," Takyiwaa alisema.

"Haifanyi kwa wanaonunua moja moja," Ansu alisema. "Kuna mpya."

Ile mpya ilikuwa ya kijani. Jumatano Yaw alikuwa na ushanga wa kijani, na kufikia Alhamisi Kwabena pia. Kuku waliokuwa wa kufa walikufa, waliokuwa wa kubaki walibaki, wakitaga mayai yenye ganda laini, na mambo yakatulia. Takyiwaa alihesabu mizoga ya upande wa pili akaona imezidi ya kwake, akapata usingizi.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, Kumiwaa alijifungua mtoto wa kike. Alikuwa mzuri, ana nywele mpaka shingoni, na alilia kwa sauti ya mtu mwenye kudai haki yake. Gyabaa alileta pombe ya mnazi. Nyarkoa alikuja na sabuni tatu na taulo, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaomba kumshika mtoto. Takyiwaa alimpa, akahesabu kimya mpaka ishirini, akamchukua tena.

"Utamchosha," alisema.

"Nimemshika tu, dada mkubwa."

"Basi umeshamshika."

Nyarkoa aliweka mikono yake mitupu mapajani, akaitazama.

Kumwogesha mtoto ni kazi ya bibi, asubuhi na jioni. Takyiwaa alitoka bandani, akaosha mikono kwa maji, akamlaza mjukuu juu ya miguu yake, akamsugua, akamkanda kichwa. Yaw alimshikia sabuni. Wa nyumbani hapigi hodi. Aliingia chumba cha uzazi na kutoka, akakaa kando ya beseni, akamchezea mtoto vidole vya miguu. Kumiwaa alimwambia mara mbili atoke, na mara mbili alitoka, kisha akarudi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asirudi.

Siku ya nne mtoto alikataa ziwa. Mwili ulikuwa wa moto, halafu ukawa wa baridi. Walimpeleka hospitali. Muuguzi, mwanamke mfupi mwenye miwani, alitafuta mshipa kichwani mwa mtoto kwa kuwa mikononi haukuonekana, akachukua damu kidogo kwa ajili ya maabara, akachoma sindano ya kwanza ya dawa. Ndani ya blanketi sauti ndogo yenye adabu ikasema, "Maji."

Muuguzi akaandika kwenye karatasi. Baadaye akachoma dawa ya pili.

"Maji," sauti ilisema.

"Nyumbani mnafuga kuku?" muuguzi aliuliza.

"Nani Dormaa hafugi kuku?" Takyiwaa alisema.

Jumamosi asubuhi aliitwa maabara. Kijana wa huko aliweka juu ya meza kisahani cha duara chenye uji mgumu uliootesha vijidudu vya damu ya mtoto, na juu yake vidonge vidogo saba, kila kimoja dawa yake. Alieleza kwamba dawa ikiwa na nguvu, kandokando ya kidonge panakuwa peupe, hapaoti kitu, kama uwanja uliofagiwa. Hapakuwa na uwanja wowote. Paliota mpaka kwenye kingo za vidonge. Katikati ya kisahani aliketi Yaw, mdogo sana, ameegemea kidonge kimoja kama mtu anavyoegemea mto. Alipomwona Takyiwaa akampungia mkono.

"Unamfahamu?" kijana wa maabara aliuliza.

"Ni wa kwangu."

"Anaitwa nani?"

"Yaw."

Kijana akaliandika jina. Akasema ipo dawa moja ambayo huyu bado hajaionja, ni ya akiba, hapa haipo, iko Kumasi. Takyiwaa alipiga simu kwa mkwewe, mume wa Kumiwaa. Mkwewe alikuwa njiani na shehena ya mbao. Akasema atageuza lori, atalala kwenye mlango wa bohari, ofisi zikifunguliwa Jumatatu atakuwa wa kwanza. Mtoto alikuwa na siku saba. Kumiwaa alimshika kidole, akawa anamwambia, "Kesho tu. Mwanangu, kesho tu utakuwa mtu. Vumilia hii ya leo."

Alikufa saa tisa alasiri.

Mtoto asiyefika siku ya nane hazikwi kwa maombolezo. Alikuwa mgeni, alichungulia, amerudi alikotoka, na ukimlilia utamzoesha tabia hiyo. Gyabaa aliyasema hayo kwa sauti kavu, akiyasema kama alivyoyasikia kwa baba yake, kisha akaenda nyuma ya choo akakaa huko kitambo. Kumiwaa alivikwa nguo nyeupe. Aliletewa fufu, viazi vikuu vilivyotwangwa, na supu ya karanga kama desturi inavyotaka, ale ashibe, watu waone hakuna msiba. Supu ilipikwa na Nyarkoa. Kumiwaa alikula yote, akafuta bakuli kwa kidole.

Yaw aliketi mlangoni, amekunja mkia. Yeye alikuwa na wiki tatu na siku mbili, na jina.

Nyarkoa aliosha bakuli, akaja akasimama mbele ya Takyiwaa. "Dada mkubwa," alisema, "pole."

Takyiwaa alimtazama kiuno chake chembamba, tumbo lake lisilozaa, kifua chake ambacho hakuna mtu aliyewahi kukilalia akiwa na homa. Akamwonea wivu kuliko alivyowahi kumwonea kwa kuku, kwa mabati au kwa mume. Huyu mwanamke hakuwa na cha kunyang'anywa.

"Asante kwa supu," alisema. "Ilizidi chumvi."

Jumatatu mkwewe alifika saa saba mchana, macho mekundu, amekumbatia kisanduku cha barafu. Ndani yake mlikuwa na vichupa kumi vya unga mweupe. Hakuna aliyekuwa amempigia simu kumwambia, kila mmoja alidhani mwenzake amepiga. Aliziangalia nguo nyeupe za Kumiwaa, akaelewa, akaweka kisanduku chini taratibu kana kwamba bado kinaweza kuvunjika.

"Katupe chooni," Kumiwaa alisema.

"Dawa haitupwi," Takyiwaa alisema.

Wakati huo pikapu ya Ansu ilikuwa imesimama nje, kipaza sauti kikisema kuku hafi, kuku hafi. Ansu aliingia kutoa pole, akavua kofia, akakaa muda unaofaa. Kisha jicho lake likaangukia kisanduku. Aliokota kichupa kimoja, akakigeuza kwenye mwanga, akasoma.

"Shangazi," alisema polepole, "hii hata mimi sina. Hii Dormaa nzima hakuna mwenye nayo."

Takyiwaa aligeuza shingo akautazama ukuta wa mbao. "Hata mwenzangu?"

"Mwenzako ataitoa wapi?"

Kumiwaa aliinuka. Alimtazama mama yake kwa muda, kama mtu anayesoma kibao cha njia, akaingia ndani, akaanza kufungasha nguo zake. Jioni hiyo aliondoka na mumewe kwenye lori. Alipanda juu bila kuaga, na Takyiwaa, aliyekuwa bandani akipasua vifuniko vya vichupa kwa kisu, hakusikia lori likiwaka.

Alitia kichupa kimoja Jumatatu, kimoja Jumanne, kimoja Jumatano. Yaw alipoonja mara ya kwanza alishika tumbo, akapiga magoti, akasema, "Mama, hii ni dawa," kwa sauti ambayo hakuwahi kuitoa. Alikonda. Utando wake ulitoboka mahali mahali. Kuku walisimama, vilemba vya vichwani vikawa vyekundu, ganda la yai likawa gumu. Takyiwaa aliona wamepona. Alivifunga vichupa saba vilivyobaki ndani ya kile kitambaa cha *Ushanga Mzuri Haulii*, akavificha chini kabisa ya sanduku, na ufunguo akaufunga kwenye upindo.

Alhamisi asubuhi alichutama mlangoni mwa banda, akapanga mayai, makubwa mbele na madogo nyuma. Zilijaa trei tano. Upande wa pili ziligongana moja, mbili, tatu, nne. Alingoja. Hazikugongana tena.

Yaw alitoka chini ya chombo cha maji akiyumba. Hakupiga hodi. Alikuja akasimama magotini pake, mwembamba kama uzi, na kiunoni, mwishoni mwa mshipi, palikuwa na ushanga mpya ambao haukuwa na rangi yoyote, unapitisha mwanga tu. Katika ufa wa mbao Kwabena alikuwa tayari amesimama, amefungua mshipi wake, anangoja.

Takyiwaa aliingia ndani, akafungua sanduku, akarudi na kichupa. Akachovya kidole.

"Ukisema dawa," alimwambia, "iwe dawa."

Yaw alirambaramba. Aliwaza kidogo.

"Maji," alisema, na Takyiwaa akamwongezea.